Tumbo la safari: ninavyowapikia madereva wa Moshi wapate choo bila dawa

Madereva wa mabasi ya Moshi kwenda Dar wana tatizo moja ambalo hawalitaji mbele ya abiria. Wanakaa kwenye kiti zaidi ya kilomita 500, maji wanakunywa kidogo makusudi ili wasisimamishe gari ovyo, njiani wanakula chipsi mayai na soda kwa haraka, na wakifika nyumbani choo hakitoki. Siku ya tatu mtu ananizungukia nyuma ya banda, anashusha sauti: "Shikamoo mama. Huna dawa ya kusafisha tumbo?"

Sina, na hata ningekuwa nayo nisingempa. Nilifanya uuguzi kwenye wodi ya upasuaji mpaka nikastaafu, sasa napika karibu na stendi, na katika kazi zote mbili msimamo wangu ni ule ule: tumbo la mtu mzima asiye na ugonjwa halisafishwi. Linalishwa, linanyweshwa, linapewa muda wa kwenda chooni. Nitaeleza ninavyowafanyia hawa madereva, ila yanamhusu pia fundi cherehani, karani, mwanafunzi wa mitihani na yeyote anayekaa kutwa.

Kwanza ondoa hofu ya hesabu. Kuna mtu anaenda chooni mara tatu kwa siku na mwingine mara tatu kwa wiki, wote wazima. Kinachoangaliwa ni kama choo ni laini, kimeshikana, kinatoka bila kukamua, na ukinyanyuka unahisi umemaliza. Ukiwa unaenda chini ya mara tatu kwa wiki, au kinatoka vidonge vidonge vigumu, au unasukuma mpaka mishipa ya shingo inasimama, hapo kweli una tatizo la kukosa choo.

Nyuzinyuzi, na kwa nini chipsi hazitoshi

Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo utumbo wetu mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Inapita mpaka utumbo mpana. Huko, nyingine inashika maji na kukifanya choo kiwe kingi na laini, nyingine inaliwa na bakteria wanaoishi humo, nao wanatengeneza asidi ambazo ndizo chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda.

Sasa piga hesabu ya sahani. Kikombe cha wali mweupe hakifikishi hata gramu 1. Chungwa moja lina kama gramu 3. Parachichi moja la wastani lina karibu gramu 10. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 12 hadi 15. Mtu akila kikombe cha maharage, nusu parachichi na machungwa mawili ameshafika au amekaribia sana, kabla hujahesabu mboga wala ugali. Akila chipsi mayai mchana na wali kuku usiku, hatafika hata akila sahani mbili mbili.

Haya si mageni kwetu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 kwa karibu miaka 20, alishangaa kwamba magonjwa ya utumbo aliyoyazoea kwao hayaoni kwa wanavijiji wa Uganda. Akaanza kufanya kitu ambacho wengi wangeona kinyaa: kupima uzito wa choo. Katika matokeo aliyoyachapisha na wenzake mwaka 1972, choo cha wanavijiji wa Uganda kilizidi gramu 400 kwa siku, wakati cha vijana wa Kiingereza kilikuwa kinazunguka gramu 100. Tena cha wanavijiji kilipita tumboni kwa muda mfupi zaidi. Chakula chao kilikuwa ndizi, mizizi, maharage na nafaka zisizokobolewa.

Karibu zaidi na hapa, mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC ya hapa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha utafiti walioufanya Kilimanjaro kwa vijana wa kiume 77. Wa kijijini waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili kwa muda huo huo, na kundi jingine likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kizungu, damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani kwa ndani. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na wale wa mbege, zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Walichopima hasa ni damu na kinga ya mwili, si choo, kwa hiyo sitawapachika maneno. Ila wiki mbili tu zikibadilisha damu ya kijana mzima, mimi sina sababu ya kuuza soseji.

Maharage yasiyoleta gesi, na kiburu chake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Dereva anakula maharage siku moja, tumbo linajaa, abiria wa kiti cha mbele wanafungua dirisha, naye anaapa hatarudia. Wa kulaumiwa ni aliyeyapika.

Maharage yana sukari fulani ambazo sisi hatuna uwezo wa kuzivunja. Zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wanazichachusha na gesi inatoka hapo. Sehemu kubwa ya sukari hizo inayeyuka kwenye maji. Ndiyo maana mimi nachambua maharage usiku, nayaosha, nayaloweka kwenye ndoo na maji mengi, maji yazidi maharage kama mara tatu. Alfajiri yale maji yamebadilika rangi na yana povu juu. Namwaga yote, nasuuza tena, nainjika na maji mapya. Kuna wanaopikia maji yale yale ya kuloweka wakisema ndiyo yenye vitamini. Wapikie kwao.

Moto wa kwanza uwe mkali. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo inaharibiwa na maji yanayochemka kweli kweli, angalau dakika 10. Ukiyaweka tangu mwanzo kwenye mkaa unaokaribia kuzimika yatalainika lakini sumu inabaki, na mlaji anatapika usiku. Yakishachemka kwa nguvu ndipo napunguza moto. Nayajaribu kwa kuchukua punje moja na kuibonyeza kwa ulimi kwenye kaakaa: ikipondeka yote, ganda na nyama, yameiva. Ikibaki na kiini kigumu, bado. Maharage nusu mbichi ndiyo yanayotibua matumbo ya watu.

Kiburu, yaani ndizi zilizopondwa na maharage, nakipika hivi. Natumia ndizi mbichi aina ya mshare. Napaka mikono mafuta kwanza utomvu usinigande, namenya, naitupia kwenye ndoo ya maji isigeuke nyeusi. Maharage yakiwa yameiva na maji yamebaki kidogo, napanga ndizi juu, naweka kitunguu na chumvi kidogo, nafunika kwa jani la mgomba kisha mfuniko. Moto wa wastani, kama nusu saa au zaidi kidogo. Sigeuzi. Ndizi ikichomwa kisu na kisu kupita bila kukwama, naepua na kuponda kwa mwiko mpaka vichanganyike, ila nisifanye uji, mtu apate cha kutafuna. Pembeni ya sahani nampa mnafu na kipande cha parachichi. Chakula hicho anakila saa tano, na kesho yake anakuja kuniambia mwenyewe.

Magadi siweki. Bibi zetu wanaweka ili maharage yaive haraka na kiburu kiwe na ladha yake, na siwagombezi, lakini magadi yamejaa sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi, na wengi wa wateja wangu wa umri wa kati wana presha. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha hayahitaji magadi. Hata ile tabia ya kulamba magadi tumbo likijaa gesi, kama una presha iache.

Kama hujazoea maharage, anza na robo kikombe kwa siku na uongeze taratibu kwa wiki mbili au tatu. Bakteria wa tumboni nao wanahitaji muda wa kuzoea. Mtu anayeruka kutoka sifuri hadi bakuli zima atavimba tumbo, na hapo usinitaje.

Dona

Sembe ni mahindi yaliyoondolewa pumba na kiini. Dona ni mahindi yote. Kwa tumbo, dona inaishinda sembe bila ubishi. Ila dona ina masharti mawili ambayo wauzaji hawakwambii.

La kwanza, kiini cha mahindi kina mafuta, na mafuta yanachacha. Unga wa dona ukikaa sana unapata uchungu. Saga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili hivi, uweke mahali pakavu.

La pili ni kubwa zaidi: sumukuvu. Inatoka kwenye ukungu wa mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu, na kwa sehemu kubwa inakaa kwenye pumba na kiini, yaani vile vile ambavyo sembe inavitupa na dona inavibakiza. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo mahindi ya dona nanunua mazima, makavu ya kulia ukiyamimina, nayachambua kwenye ungo punje kwa punje. Iliyovunjika, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au kijivu, naitupa na wala siwapi kuku. Kama huna muda wa kuchambua, kula sembe na upate nyuzinyuzi zako kwenye maharage na mboga. Dona chafu haina faida yoyote.

Wanaochoka dona nawapa uji wa ulezi asubuhi, au kande za mahindi yasiyokobolewa, ambazo Wapare wa huko Same wanazipika kunishinda mimi.

Mboga na matunda ya njiani

Mboga yoyote ya majani itakusaidia: mchicha, mnafu, majani ya maboga, kisamvu. Sharti langu ni moja, iwe nyingi. Kijiko kimoja cha mchicha pembeni ya ugali wa kilo ni pambo tu. Nusu ya sahani iwe mboga na maharage.

Njiani usiseme hakuna matunda. Mombo wanashusha mapeasi kutoka Lushoto, na ukikaribia Korogwe na Segera unakutana na machungwa ya Muheza. Tatizo ni jinsi tunavyoyala machungwa. Mtu anakata juu, anafyonza maji, anatupa makapi dirishani. Nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye hayo makapi, na pia kwenye ile ngozi nyeupe ndani ya ganda. Kula chungwa lote, tema mbegu tu. Juisi haina kazi hiyo hata ikiwa ya kukamua mbele yako.

Papai lililoiva ni zuri, lina maji na ni laini kwa mwenye choo kigumu. Ndizi mbivu nayo. Ukwaju unalainisha choo kidogo: loweka kiganja kwenye maji ya moto, chuja, unywe bila kulundika sukari. Ubuyu ni mzuri ukiwa unga mweupe wa asili uliokorogwa kwenye maji au uji. Ule mwekundu wa pakiti ni sukari na rangi, mpe mtoto siku ya sikukuu. Tangawizi inasaidia kichefuchefu na inaharakisha chakula kutoka kwenye mfuko wa tumbo, weka kwenye chai. Haileti choo peke yake.

Vilivyochachushwa

Watu wazima wengi wa Afrika, uwezo wao wa kumeng'enya sukari ya maziwa umepungua tangu walipoacha kunyonya. Ndiyo sababu glasi ya maziwa fresh inamharisha mtu au kumjaza gesi, lakini mtindi anaumudu, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Maziwa yachemshe kwanza, yasikudanganye kwamba ya ng'ombe wa nyumbani ni salama. Kuna vijidudu vya brusela na kifua kikuu humo. Yakipoa na kubaki vuguvugu, koroga kijiko kimoja cha mtindi wa jana, funika, yaache mpaka kesho yake.

Togwa ndiyo ninayoipendekeza kwa madereva, kwa sababu inabebeka kwenye chupa. Unahitaji kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku, chuja, uufunge kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uote vimizizi, anika juani ukauke, saga. Pika uji mzito wa mahindi, uive vizuri, uupoze mpaka kidole kinavumilia kukaa ndani. Ukiwa wa moto sana unaua kimea. Koroga vijiko vichache vya kimea na utaona uji mzito unageuka mwepesi mbele ya macho yako, unatiririka kutoka kwenye mwiko. Funika kwa kitambaa safi, kesho yake una togwa chachu kidogo na tamu kidogo. Ikiota ukungu au ikinuka vibaya, mwaga.

Mbege? Nilijua utauliza, kwa vile nimeutaja utafiti. Mbege ni pombe. Watafiti waliwapa vijana wazima wasio na usukani mkononi, na mimi nawalisha watu wenye abiria nyuma yao.

Kiporo nacho nikitetee. Ndizi, viazi na ugali vikishapoa, sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kumeng'enywa na inafika utumbo mpana kama nyuzinyuzi. Basi kiburu cha jana ni chakula kizuri, mradi kilipoa haraka, kikafunikwa mahali pa baridi na kupashwa mpaka kikatoa mvuke. Wali uliolala kwenye sufuria ya moto wa majivu usiku mzima usile.

Maji

Ukiongeza nyuzinyuzi bila kuongeza maji, unatengeneza tofali. Kwa hali ya hewa ya barabara hii, ukishuka kutoka Moshi kuelekea joto la Same, lita mbili kwa siku ni za kawaida, jasho likianza kutoka ongeza. Angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa. Madereva wanaogopa kukojoa njiani, basi nawapangia: vikombe viwili ukiamka, kingine saa moja kabla ya kila kituo, na ukifika unywe mengine taratibu jioni. Soda usiitegemee. Chai na kahawa zinahesabika, na kahawa ya asubuhi kwa wengi inaamsha utumbo.

Kwenda chooni ni kazi yenye saa yake

Hili ndilo wanaume wananicheka ninapoanza kulisema, halafu ndilo wanalorudi kunishukuru.

Kila ukila, mfuko wa tumbo ukitanuka, utumbo mpana unapata ishara ya kujikunja na kusogeza kilichomo. Nguvu ya ishara hiyo ni kubwa zaidi asubuhi, baada ya kula chochote cha kwanza. Sasa dereva wa basi la saa kumi na mbili anaamka saa kumi na moja kasorobo, ananawa, anakimbia. Ishara inamkuta mjini Mwanga yuko kwenye usukani, anabana. Ukibana, hamu inaondoka, choo kinabaki, utumbo unaendelea kunyonya maji yake na kinazidi kuwa kigumu. Ukirudia hivyo miezi, mwili unaacha hata kukuita.

Ninachowaambia ni kuamka mapema zaidi kwa dakika 40. Kunywa maji ya uvuguvugu vikombe viwili, kula uji au ndizi mbili, tembeatembea ukikagua matairi. Baada ya kama dakika 20, nenda chooni hata kama huna hamu sana, kwa saa hiyo hiyo kila siku, siku za mapumziko pia. Mwili utashika ratiba.

Choo cha kuchuchumaa ndicho bora. Ukichuchumaa, msuli unaobana puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, unalegea na njia inanyooka. Kwa choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele kidogo, viwiko kwenye mapaja. Pumua, usikamue. Dakika 10 hazijaleta kitu, ondoka, utarudi baada ya mlo mwingine. Na simu ibaki nje. Mtu anakaa chooni nusu saa akisoma ya mpira, mishipa ya njia ya haja kubwa inajaa damu, halafu anashangaa bawasiri imetoka wapi.

Kwenye vituo usishuke na kwenda mezani moja kwa moja. Zunguka basi mara kadhaa kwanza, na baada ya kula zunguka tena. Utumbo unapenda mwendo.

Kiungulia na kile kinachoitwa vidonda

Madereva wanafika Dar usiku, wanakula nyama choma na chipsi, wanalala dakika hiyo hiyo. Kiungulia hapo kina haki yake. Chakula kikubwa na chenye mafuta mengi kibebwe na mlo wa mchana, usiku ule kidogo, upite muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya kulala, na kama bado kinakusumbua inua upande wa kichwa wa kitanda kwa tofali chini ya miguu yake. Kulundika mito hakusaidii, kunakunja tumbo tu.

Lakini usikiite kila kitu vidonda vya tumbo ukaanza kunywa juisi ya kabichi. Vidonda vingi vinasababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, aliyegunduliwa na Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, mwaka 1982. Watu hawakuwaamini, mpaka Marshall akanywa mwenyewe mchuzi wenye bakteria hao na ukuta wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo anapimwa, kwa choo au pumzi, na anatibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida wiki mbili, dozi nzima. Hakuna ndizi wala kabichi inayomwondoa.

Sababu ya pili ya vidonda iko kwenye mifuko ya mashati ya wateja wangu: diklofenaki, aspirini, ibuprofeni. Mgongo unauma kwa kukaa, mtu anameza diklofenaki kila siku bila kula. Dawa hizo zinaharibu ukuta wa tumbo, na vidonda vyake wakati mwingine havitoi maumivu mpaka vianze kuvuja damu.

Dawa za kusafisha tumbo

Sanamaki na mafuta ya nyonyo vinafanya kazi, sikatai. Vinaufinya utumbo mpaka utoe. Mara moja moja kwa mtu aliyekwama, sawa, tena sanamaki kwa kipimo cha mfamasia. Kwa mjamzito nyonyo ni marufuku, kwa kuwa inaweza kuamsha uchungu. Kinachonisumbua ni zile chupa zisizo na jina wanazouziwa stendi, "inatoa uchafu wa miaka kumi." Hakuna uchafu wa miaka kumi tumboni. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili wako, na kizunguzungu utakipata ukiwa kwenye usukani. Enema ya maji ya sabuni nayo inaunguza utumbo, usifanye.

Angalia pia dawa ulizoandikiwa. Vidonge vya madini chuma vinafunga choo, na baadhi ya dawa za maumivu makali pia. Usiziache, mwambie aliyekuandikia.

Hapa usinione mimi, muone daktari

Tumbo limevimba, linauma, hutoi choo wala hewa, na unatapika: huo unaweza kuwa utumbo uliojisokota au kuziba. Nimewaona wengi wodini, na waliopewa nyonyo nyumbani kwanza walifika wakiwa na hali mbaya zaidi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, usinywe kitu.

Damu kwenye choo, hata kama unaamini ni bawasiri. Choo cheusi ti kinachonata, wakati huli vidonge vya madini chuma. Kukonda bila kufanya diet. Chakula kukwama ukimeza. Choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa, hasa kama umefika miaka 45 na kuendelea. Kuamshwa usiku na maumivu. Hayo yote hayapikiwi kiburu. Ukienda, beba na zile pakiti za dawa unazomeza kila siku, diklofenaki ikiwemo, uziweke mezani kwa daktari.